Diski ya Kaka Fernand

Saint-Évrard, 6 Februari

Mdogo wangu Odile,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tunagombana. Ukisema neno nisilolipenda nakata, ukipiga tena anapokea Huguette, halafu mnanisengenya huku nimekaa palepale. Barua haikatiki. Kama posta wameamka vizuri, hii itakufikia Montreal kabla ya mwisho wa wiki.

Habari yenyewe ni mgongo. Mwezi uliopita niliinama kumvuta ndama aliyekuwa anazaliwa vibaya, ndama akatoka mzima, mimi nikabaki nimeinama. Huguette alinikuta nimeshika mlango wa zizi kama mlevi. Nikaenda hospitali Rimouski, wakanilaza ndani ya lile bomba la kupiga picha, na daktari akanionyesha uti wangu wa mgongo kwenye kioo. Diski zote nyeupe, ya chini nyeusi. Nikamwuliza weusi ni nini. Akasema imekauka, haina maji tena, na imeanza kutokeza nyuma. Nipunguze kazi. Nikamwambia, "Daktari, ng'ombe anakamuliwa asubuhi na jioni. Unataka nipunguze asubuhi au jioni?" Akacheka. Mimi sikucheka, maana kucheka kunauma.

Sasa jirani yetu Onésime ana binamu aliyekwenda kliniki moja huko Florida, wakamchoma seli mpya mgongoni. Anasema anacheza gofu. Kabla ya hapo hakuwahi kucheza gofu, kwa hiyo sijui tumsifu nani. Lakini nafikiria kwenda.

Kabla sijaenda, nakuuliza wewe. Miaka yote nikiulizwa dada yako anafanya nini huko chuoni, nasema anatibu migongo. Basi nimekuletea mgongo. Dawa unayo au huna?

Kaka yako,
Fernand


Montreal, 13 Februari

Kaka Fernand,

Florida usiende. Nimeanza na hilo ili hata ukiichana barua hapa katikati, uwe umeshalisoma.

Mimi sitibu migongo, kaka. Nasikiliza seli zinavyosemezana. Nitakueleza, na unisikilize mpaka mwisho, maana huku huwezi kukata.

Diski ni kama mto mdogo wa kulalia kati ya pingili mbili za mgongo. Nje ngozi ngumu, ndani utelezi unaoshika maji. Ndani ya utelezi huo wanaishi seli wachache sana, mbali na damu, wanakula kwa shida, na kazi yao ni kuutengeneza huo utelezi maisha yao yote. Wakibanwa kupita kiasi, au wakizeeka, wanatoa ishara, kemikali za kuomba msaada. Seli jirani anaipokea ishara mlangoni, anaipitisha ndani kutoka mkono hadi mkono mpaka kwenye swichi moja. Swichi ikiwaka, seli anaacha kujenga, anaanza kubomoa. Anamwaga vimeng'enya vinavyokula utelezi uleule alioutengeneza. Kisha naye anapiga kelele, na jirani yake anasikia. Msaada hauji, kwa sababu hakuna damu ya kuuleta. Kinachoongezeka ni kelele. Ndio ule weusi uliouona.

Sisi tuna dawa ya kuzuia swichi hiyo. Tumeijaribu kwenye diski za mikia ya ng'ombe tunazopata machinjioni, kwa kuwa zinafanana sana na za mtu. Usicheke. Kwenye mikia, kelele zinatulia na seli wanarudi kazini. Sasa tunaijaribu kwenye diski za binadamu, za marehemu ambao familia zao ziliridhia. Hapo ndipo tulipo. Tunasubiri.

Wale wa Florida sijui wanachokuchoma ni nini, na sidhani kama wenyewe wanajua. Hata seli wakiwa wazima, ukiwatupa kwenye nyumba yenye kelele hivyo, nao watajifunza kupiga kelele.

Tembea kila siku. Usinyanyue kitu. Mtafute mtu akusaidie kukamua. Msalimie wifi yangu Huguette.

Odile


Saint-Évrard, 21 Februari

Daktari,

Kwa hiyo mikia ya ng'ombe imepona. Nimewapelekea habari zizini, wamefurahi sana. Ng'ombe wetu Blanchette ameuliza kama mnatibu na kwato.

Hebu nikuulize kwa upole. Dawa iko kwenye friji yako. Mimi nalala sakafuni, Huguette kitandani, tunaongea kama watu wa ghorofa mbili. Na wewe unaniambia nitembee! Nani alikubeba mgongoni mpaka kwenye basi la shule theluji ikiwa imefika kiunoni? Ni mgongo huuhuu, Odile. Hata diski ni ileile.

Ninachoomba si kikubwa. Pasaka unakuja huku, si ndiyo? Njoo na sindano. Hatutamwambia mtu. Ukitaka nisaini kwamba nimekubali kwa akili zangu, nitasaini, na Huguette atashuhudia kwamba akili ninazo. Mnawaomba ruhusa marehemu, mimi niliye hai natoa bure mnakataa.

Mengine ni mazima. Maziwa yanatoka vizuri. Onésime ameanza kuandaa miti ya mepo, kugema yale maji matamu ya kuchemshia sharubati kutaanza baridi ikilegea, na nimemwahidi kumsaidia kama kila mwaka. Maumivu yalikuwa mguu wa kulia tu, sasa yamehamia na wa kushoto, kwa hiyo angalau nimelingana.

Fernand


Montreal, 27 Februari

Kaka,

Siji na sindano. Nikikuchoma leo nitakuwa nakufanyia jaribio ambalo mwisho wake siujui, na ukiharibika sitaweza kukuangalia usoni, wala wewe hutaweza kuniangalia. Matokeo ya diski za binadamu bado tunayapitia. Tafadhali usiniombe tena.

Ulichoandika mwishoni kimenitisha kuliko vyote, na umekiandika kama mzaha. Miguu yote miwili! Nimepiga simu mara mbili, Huguette anasema uko zizini. Najua uko zizini kwa makusudi.

Sasa nijibu bila utani. Je, sehemu unayokalia, yaani makalio na katikati ya miguu, kuna ganzi? Je, mkojo unatoka kama kawaida? Nyayo zinanyanyuka ukitembea, au zinaburuta?

Kukiwa na tatizo kwenye lolote kati ya hayo, usiniandikie. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Diski ikipasuka na kipande kikatoka kwa nyuma, kinalalia neva zinazoendesha kibofu na miguu, na neva hizo zikibanwa muda mrefu hazirudi. Hiyo haina kusubiri ng'ombe, wala Onésime na miti yake.

Umenielewa?

Odile


Saint-Évrard, 7 Machi

Mdogo wangu,

Huguette alitaka nikujibu mara moja, lakini tulikuwa na ng'ombe wawili wanazaa na maji ya mepo yameanza kutiririka. Na nilitaka nikiandika niwe na habari njema. Ninayo.

Maumivu yamekwisha! Nasema kweli. Juzi niliamka nikajisikia mwepesi, kama mtu amenivua gunia. Nimerudi kulala kitandani. Jana nimekaa kwenye trekta kutwa nzima kule kwa Onésime, kiti kimeganda barafu, na wala sikukisikia. Onésime ananiambia, "Fernand, simama kidogo, utagandia hapo." Nikamwambia, "Wewe endelea kugema, mimi makalio yangu ni ya chuma." Kwa hiyo hata Florida sihitaji tena, na wewe kaa na sindano yako.

Maswali yako nilimsomea Huguette mezani, tukacheka. Tangu lini dada mtu anamuuliza kaka yake habari za mkojo? Lakini umeuliza kwa nia njema, basi nikujibu: mkojo haujagoma, umechelewa tu. Nasimama chooni kama askofu anayesubiri waumini, na mwisho wake unakuja. Nina umri wa miaka hamsini na sita, mdogo wangu. Baba naye alikuwa hivyohivyo.

Mguu wa kulia unaburuta kidogo, ila nadhani ni hivi viatu vipya.

Njoo Pasaka, utakula sharubati ya mwaka huu. Ni nyepesi, rangi ya dhahabu, haijawahi kutoka nzuri hivi.

Fernand


Jiji la Quebec, hospitalini, 15 Machi

Wifi yangu Odile,

Juzi kwenye simu uliniuliza ilikuwaje, nikakujibu "vizuri, vizuri" kwa sababu alikuwa amelala pembeni yangu macho wazi. Leo wamempeleka mazoezini, ndiyo nimepata nafasi ya kukuandikia kwa utulivu. Najua barabara za kwenu zimefungwa na theluji, usijilaumu kwa kutofika.

Siku ile barua yake ilipokufikia ukapiga simu, nilikuwa nakanda unga wa pai. Ulivyokuwa unaongea sikukutambua. Nilidhani kuna msiba. Uliponiambia cha kufanya, nilichukua kalamu kwenye kikapu cha nyuzi, nikaenda zizini na mikono yangu yenye unga.

Nikamwambia, "Fernand, shusha suruali."

Akasema, "Mchana huu? Na Blanchette anatuangalia?"

Nikamwambia, "Geuka, sina utani." Akageuka, akashika nguzo, bado anacheka. Nikamgusa kwa ncha ya kalamu kama ulivyonielekeza, nikamwuliza nimemgusa wapi.

Akasema, "Bado hujanigusa."

Odile, nilikuwa nimeshamgusa kote. Nikakandamiza zaidi, mpaka nikaona kialama kwenye ngozi. Akaniuliza, "Vipi, unaanza lini?" Hapo nikashindwa kujizuia, nikalia. Alipogeuka akaniona, akaiona na kalamu, akaelewa. Alipandisha suruali, akafunga mkanda, akaenda kuzima mashine ya kukamulia.

Onésime alikuja kushika ng'ombe. Gari la wagonjwa lilimpeleka Rimouski kwa picha, na kutoka huko wakamleta huku moja kwa moja. Kwetu barabara ilikuwa bado nzuri. Walimpasua jioni ileile. Daktari wa upasuaji alinieleza kwamba kipande kikubwa cha diski kilikuwa kimetoka na kulalia fungu lote la neva za chini, wanaliita mkia wa farasi, na kwamba kungekucha mara moja au mbili zaidi asingekuwa na la kuahidi.

Ahadi aliyotoa yenyewe ni ndogo. Mguu wa kushoto ni mzima. Wa kulia, wayo haunyanyuki. Mkojo unatoka kwa mpira. Amesema huenda vikarudi, huenda visirudi, na huenda tukasubiri mwaka mzima kujua.

Fernand haongei. Anamwambia muuguzi asante, basi. Jana tu aliniuliza, "Odile alijua?" Mjibu wewe.

Huguette


Montreal, 18 Machi

Kaka Fernand,

Ndiyo, nilihisi. Ulipoandika miguu yote miwili, nilihisi. Badala ya kupanda gari nije, niliketi nikaandika maswali kama ninayemwandikia mgonjwa wa mtu mwingine. Kisha nikasubiri posta.

Kuna na jingine, na usiposikia kwangu leo utakuja kulisikia mahali pengine. Dawa imeshindwa. Kwenye diski za binadamu, kelele zilitulia vizuri kabisa, tukapongezana. Tulipoangalia kwa makini tukakuta zimetulia kwa sababu seli wengi wamekufa. Swichi ile inayowaamuru wabomoe ndiyo hiyohiyo inayowaweka hai wakati wa shida. Kwenye mikia ya ng'ombe wachanga halikuonekana, maana wale seli hawajapata shida bado. Kwa mtu mzima aliyefanya kazi maisha yake yote, ukiizima swichi umezima na uhai. Kama ningekuja na ile sindano, ningekumalizia hata wachache uliobaki nao.

Matokeo hayo yalikuwa mezani kwangu siku niliyokuandikia kwamba tunasubiri. Nilikuwa nayo pia nilipoandika kwamba bado tunayapitia. Uliniambia watu wanakuuliza, nawe unawajibu kwamba dada yako anatibu migongo. Nilitaka uendelee kuwajibu hivyo, angalau mpaka nipate la kusema.

Ukanielewa vibaya, ukadhani ninayo dawa na ninakunyima. Nami nikakuacha ufikiri hivyo, kwa sababu kuonekana mchoyo kulikuwa rahisi kuliko kuonekana nimeshindwa.

Hukosi haki ya kukasirika. Barabara zikifunguliwa nitakuja, ukitaka. Ukikataa nitakaa hapo kwenye korido na Huguette.

Odile


Saint-Évrard, 9 Aprili

Mdogo wangu,

Ulikaa kwenye korido siku mbili na mimi nikajifanya nimelala. Huguette anasema nakoroma nikilala kweli, kwa hiyo mlijua. Nilikuwa na hasira. Hasira yenyewe sikujua niielekeze wapi: kwako, kwa ng'ombe, au kwangu niliyekalia barafu nikijisifu.

Sasa nipo nyumbani na nina habari, na safari hii ni njema kweli, nimeihakikisha kwa muuguzi. Jumamosi asubuhi muuguzi anayekuja nyumbani aliutoa mpira kujaribu, kama walivyojaribu mara mbili hospitalini bila kitu. Nikaenda chooni na fimbo yangu. Nikasimama. Huguette alikuwa sebuleni anaongea na padri kwenye simu habari za maua ya kanisani. Nikasubiri, nikafungua bomba la maji kama walivyonishauri, nikaimba. Mara ukatoka. Nilipiga ukelele, "Huguette! Nakojoa!" Padri amesikia. Huguette anasema padri alijibu, "Mungu ashukuriwe," na wakaendelea na maua.

Unatoka nusu, uliobaki bado wanautoa kwa mpira. Lakini nusu ni wangu mwenyewe.

Mguu wa kulia haujanyanyuka. Wamenipa kitu cha plastiki kinachoushikilia kwenye kiatu. Natembea kama bata, bata mwenye haraka.

Kuhusu ile dawa yako. Nimeisoma barua yako mara nyingi, hospitalini hakuna kazi nyingine. Sikudhani wewe mchoyo, Odile. Nilidhani unaniona mimi ni mtu wa mavi ya ng'ombe, wa kusubiri zamu nyuma ya maprofesa. Ungeniambia tu imeshindwa. Mimi ni mkulima. Unadhani nimeshindwa vitu vingapi?

Na kabla hawajanilaza usingizi, waliniuliza kipande watakachokitoa kitupwe au kiende kwa watafiti. Nilisema kiende. Wanasema kinaondoka bila jina, kwa hiyo usikitafute. Lakini ukija kukutana na seli wenye kelele kuliko wote, wabishi, hawaambiliki, ujue hao ni wa ukoo wetu, akina Bérubé.

Jambo la mwisho. Ng'ombe tunauza. Tumezungumza na Huguette, tumelia, tumemaliza. Wanachukuliwa na familia moja kutoka bonde la Matapédia, vijana wawili wametoka kuoana, wana mikono mizuri. Tarehe ni kumi na mbili Mei. Huguette anasema atakaa ndani siku hiyo. Mimi nitakuwa nje, na sitaki kuwa nje peke yangu.

Fernand


Montreal, 14 Aprili

Kaka,

Nitafika tarehe kumi na moja jioni. Nimemwomba mwenzangu anifundishie wanafunzi wangu wiki ile.

Tumeanza upya hapa. Hatuizimi swichi tena. Tunatafuta namna ya kuipunguza sauti tu, seli wasikie kidogo bila kuziba masikio. Huenda ikachukua miaka. Ukiulizwa, sema dada yako anasikiliza seli. Wakikucheka, wacheke.

Nitakuja na viatu vya zizini. Usinicheke mimi.

Odile


Saint-Évrard, 14 Mei

Mdogo wangu,

Nadhani treni yako haijafika na mimi nimeshaanza kukuandikia.

Ulichokiona juzi umekiona, sina haja ya kukirudia. Asante kwa kunishika mkono wakati yule wa mwisho anagoma kupanda lori. Onésime anasema daktari wa chuo kikuu akiteleza kwenye mavi anaanguka kama watu wengine. Nimemwambia akuandikie mwenyewe.

Nataka kukusimulia ya asubuhi ya leo. Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa nimeshaamka, kama siku zote. Nikavaa bila kuwasha taa ili nisimwamshe Huguette. Nikafunga kile kiplastiki cha mguu, nikachukua fimbo, nikavuka uwanja. Nilikuwa nimeshaufungua mlango wa zizi ndipo nikakumbuka. Ile redio tunayowawekea ng'ombe bado ilikuwa inaongea, hakuna aliyefikiria kuizima. Inawatangazia hali ya hewa nguzo na minyororo.

Huguette alikuwa humo. Amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, amevaa mabuti na koti juu ya gauni la kulalia. Alitoka kabla yangu, na mimi chumbani nilinyata nisiuamshe mto wake mtupu.

Akaniuliza, "Wewe umekuja kufanya nini?"

Nikamwambia, "Na wewe?"

Nilitafuta ndoo nyingine, nikakaa, tukasikiliza hali ya hewa mpaka mwisho. Leo mchana kutakuwa na jua. Kisha tukarudi ndani tukakaanga mayai.

Fernand